Mrejesho: Njia ya baiskeli isiyo na magari bonde la Bahi

Wakuu, salaam. Niliuliza kama kuna sehemu karibu na Dodoma ya kuendesha baiskeli na mizigo bila kupumuliwa mgongoni na malori. Wengi mlisema Bahi. Nimekwenda, na nawashukuru kwa dhati.

Kutoka mjini nilipakia baiskeli kwenye basi, nikashuka Bahi, nikaacha lami hapohapo. Bonde lile, ambako mto Bubu unaishia kwenye mbuga ya maji, ni tambarare kweli. Unapita kwenye vijia kati ya majaruba ya mpunga, unakutana na watu wa baiskeli wenzako waliobeba magunia, ng'ombe, na watoto wanaokusindikiza mbio. Ukisalimia kwa Kigogo, “mbukwenyi”, hukosi wa kukuelekeza njia.

Aliyeshauri tairi nene alinena kweli, maana kuna mchanga. Ila adui mkubwa ni miiba ya migunga. Fundi wa pale alipasua tyubu kuukuu kwa urefu, akaitandika ndani ya tairi kabla ya tyubu nzima. Pancha zikakoma! Fanyeni hivyo kabla ya safari.

Upepo wa kiangazi huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo kuelekea Kintinku, kijiji kilicho magharibi ya Bahi, unasukumwa, kurudi unaupiga kifua. Rudini alfajiri. Masika msijaribu, udongo ule mweusi unanata hadi magurudumu yanagoma.

Maji bebeni ya kutosha. Anayeifahamu njia isiyopita barabara kuu hadi kijiji cha Saranda, mbele ya Kintinku, anielekeze tafadhali.