Hivi kikundi kinamsaidia kweli mwanamke mwenye kashamba kadogo?

EkariMoja:
Wadau habari zenu, naomba kueleweshwa. Kina mama wakulima wananiita kwenye kikundi chao, mi nina ekari moja tu na hati ina jina la mume, kila nikivuna nauza hapohapo shambani kwa dalali maana watoto wanasubiri ada. Nikiingia huko napata kitu au ni vikao tu vya kumaliza siku? Mlioko ndani niambieni ukweli.

MshikaFunguo:
Karibu dada. Kwangu mimi kilichonitoa sio semina, ni sanduku la kikundi la kuweka akiba na kukopeshana. Lina kufuli tatu, funguo wanashika wanachama watatu ambao sio viongozi, kwa hiyo halifunguki mpaka tumekaa wote na hela inahesabiwa kwa sauti kila mtu anasikia. Kila kikao unanunua hisa moja mpaka tano, ukiwa na ya moja weka moja. Mtindo huu ulianzia Niger 1991, shirika la misaada la CARE na kina mama wa vijijini, na hauulizi hati ya shamba, dhamana ni hisa zako na wenzako wanaokujua. Sasa hiyo ada kopa humo ulipe, mazao yabaki ndani, maana wakati wa mavuno wote tunauza kwa mkupuo ndo maana bei inalala.

GhalaLetu:
Kweli kabisa, ila kungoja bila kukausha ni hasara, mimi gunia mbili ziliota ukungu nikatupa zote, nililia jamani. Kikundi ndo kilinifundisha kupima: chupa kavu, tia nafaka kidogo na chumvi kavu, tikisa, iache itulie, chumvi ikinata kwenye chupa ujue bado mbichi, rudisha juani. Na tukiuza tunakusanya mzigo pamoja, mnunuzi anapimiwa kwa mizani yetu sio debe lake.

Palizi:
Angalia uongozi kwanza. Kikundi changu cha kwanza waliingia wanaume wachache wakashika vyeo vyote, sisi tukabaki kusaini mahudhurio, tena vikao asubuhi ya palizi! Nikatoka. Nilipo sasa tunakutana jioni, na watoto tunakuja nao.

EkariMoja:
Asanteni sana. Wao wanakutana Alhamisi jioni, ntaenda nisikilize kabla sijatoa hela. Nikikopa, mume lazima asaini?

MshikaFunguo:
Kwetu hapana, unasaini wewe. Ukifika omba wakusomee katiba yao, hasa pale pa mikopo na faini.