Laki tano za bure na friji la Mama Nasra

*Kikundi: MAJIRANI WA SHINA LETU (Temeke)*

Jumatano, saa 1 usiku

Bi Mwanaisha: _(Umesambazwa mara nyingi)_ MSAADA WA DHARURA KWA FAMILIA ZENYE HALI NGUMU. Kila kaya inapewa Tsh 500,000, hairudishwi. Tuma jina kamili, namba ya NIDA na ada ya fomu Tsh 15,000 kwenye namba hapo chini. Nafasi chache. Mwisho leo saa 6 usiku.

Bi Mwanaisha: Wanangu hii kweli au ndo walewale

Baba Kelvin: Shikamoo bibi. Ndo walewale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" 😂 wamebadilisha kanzu tu

Bi Mwanaisha: Marahaba. Mbona wameweka na nembo ya bibi na bwana

Baba Kelvin: Bibi na bwana hata mimi naibandika kwenye tangazo la kuuza mbuzi

Mzee Sudi Duka: Mbuzi wangapi

Baba Kelvin: Mzee Sudi nimetoa mfano 😂😂

Mwenyekiti: Mtu asitume hata mia. Msaada hauombi ada. Ukiletewa kwa meseji ya kawaida, isambaze kwenda 15040, watakuuliza namba ya tapeli, unaiandika.

Mama Kelvin: Na mtu akishatuma namba ya NIDA?

Mwenyekiti: Nani katuma?

Mama Kelvin: Nauliza tu mwenyekiti

Baba Kelvin: Mama Kelvin 🤦🏾

Mwenyekiti: Huyo "mtu" apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua aende kwa mtandao husika wakaifute.

Mama Ashura (Mhazini): Jamani tucheke lakini nina jambo. Msaada wa kweli wa hivi haupo kabisa? Kuna mwenzetu amepewa mpaka Jumatatu atoke kwenye nyumba. Sitaji jina.

Bi Mwanaisha: Si yule waliyembebea friji

Mama Ashura (Mhazini): Bi Mwanaisha! Nimesema sitaji jina

Bi Mwanaisha: Na mimi sijalitaja

Rehema Saluni: Kwani TASAF si ipo kwa ajili hiyo

Mwenyekiti: TASAF ina orodha yake Rehema. Kaya zinatambuliwa kwenye mkutano wa mtaa, zinahakikiwa, ndipo zinaingizwa, na malipo yanakuja kila baada ya miezi miwili. Ile ni ya umaskini wa siku zote. Aliyeanguka juzi haimdaki.

Baba Kelvin: Mume wake si alikuwa na bima ya pikipiki?

Mwenyekiti: Ile bima ndogo inamlipa aliyegongwa. Dereva mwenyewe kuvunjika mguu haimhusu. Bodaboda wengi wanalijua hilo wakiwa wodini.

Ustadhi: Assalaam aleykum majirani. Nilikuwa naswalisha. Nimesoma kuanzia juu.

Ustadhi: Msaada upo. Msikitini tuna kamati ya zaka, na pembeni kuna mfuko wa dharura. Haujatangazwa sana kwa sababu ukitangazwa kesho asubuhi utakuta foleni hadi barabarani na mfukoni hamna kitu. Utaratibu ni huu: mhitaji au jirani yake anamwambia mwanakamati yeyote. Wanakuja watu wawili nyumbani, mmoja lazima awe mwanamke. Wanakaa, wanasikiliza. Wanaomba barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho, na karatasi ya deni lenyewe: mkataba wa pango, bili ya hospitali, chochote. Kamati inakaa usiku uleule au kesho yake.

Ustadhi: Hela haipiti mkononi mwa mhitaji. Inakwenda kwa mwenye nyumba au dirisha la hospitali, risiti inabaki kwenye faili.

Baba Kelvin: Hapo ndipo siwaelewi Ustadhi, samahani. Mtu mzima analea watoto wanne, mnamwona hawezi kushika laki mbili? Mpeni ajue mwenyewe pa kuanzia

Ustadhi: Hoja yako naiheshimu. Ila tulishawapa mkononi. Wale dada wa marejesho ya mikopo ya riba walikuwa wamekaa kibarazani wanasubiri, ikaisha kabla ya magharibi, na mwenye nyumba akatoa vitu nje vilevile.

Rehema Saluni: Kausha damu hao wasikieni tu. Mimi walinikausha kweli, nimebaki kuwapisha njia

Mama Kelvin: Ustadhi na sisi Wakristo?

Ustadhi: Zaka wengi wa masheikh wanasema ni ya Waislamu. Sadaka haina mpaka, ndiyo maana tuna vibubu viwili. Mwaka jana tumelipa bili ya mama wa Kikristo pale mbele kwa kibubu cha pili, hakuna aliyeuliza.

Mama Kelvin: Parokiani kwetu Wavinsenti, kile chama cha kusaidia maskini, nao wanakwenda wawiliwawili hivyohivyo. Ila wao wanaanza na unga

Mzee Sudi Duka: Ustadhi mimi kila mwaka natoa kwa kukisia. Duka la nafaka zaka yake inahesabiwaje

Ustadhi: Swali zuri mzee wangu. Mwaka wa kiislamu ukitimia, unahesabu magunia yaliyopo kwa bei ya kuuzia ya leo, jumlisha fedha taslimu na ya kwenye simu, toa madeni unayodaiwa sasa hivi. Ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5. Mashelfu, mzani na friza usihesabu.

Mzee Sudi Duka: Na daftari la mikopo

Ustadhi: Deni unaloamini litalipwa, hesabu.

Mzee Sudi Duka: Basi la Baba Kelvin silihesabu

Baba Kelvin: Mzee Sudi hapa ni kikundini 😭

Mama Nasra: Hodi humu

Mama Nasra: Mnanizungumzia kwa mafumbo kama mnapanga harusi ya siri. Ni mimi. Mtaa mzima mliona friji linapandishwa kirikuu saa nne asubuhi, mnaficha nini

Mama Ashura (Mhazini): Nisamehe mdogo wangu, nilitaka kukusitiri

Mama Nasra: Najua dada, wala sijakasirika. Ila kama ni kusaidiwa naomba niulizwe mimi. Na picha sitaki. Mwezi wa Ramadhani walikuja watu na mchele kilo tano, nikasimamishwa na wanangu, tukaambiwa tutabasamu. Nasra aliletewa ile picha shuleni kwenye simu ya mwalimu.

Ustadhi: Sisi hatupigi picha. Nakupa neno langu.

Ustadhi: Tueleze basi, kwa unachopenda kueleza.

Mama Nasra: Kodi ni elfu sabini kwa mwezi, chumba na sebule. Nadaiwa miezi mitatu, laki mbili na kumi. Baba Nasra alipovunjika nilichukua laki tatu kwa mkopeshaji nikalipa hospitali, marejesho elfu kumi na mbili kila siku kwa siku 30. Nililipa siku 11. Ya 12 na ya 13 sikuwa nayo. Ya 14 wakaja na kirikuu.

Rehema Saluni: Kwa hiyo unadaiwa 228,000

Mama Nasra: Ndiyo. Na Ustadhi naomba unielewe. Mnataka kuanza na kodi. Mimi naomba muanze na friji. Friji ndo lilikuwa linalipa kodi. Juisi ya ubuyu na barafu, siku ya jua nabaki na elfu kumi na tano. Mkinilipia nyumba nitakaa ndani miezi miwili naangaliana na ukuta, halafu mtaniona tena hapohapo kibarazani kwenu.

Baba Kelvin: 👏🏾👏🏾 Nilisema mimi. Aulizwe mwenyewe

Ustadhi: Umesema kweli. Na wenye madeni wametajwa kwa jina kwenye Qur'ani, gharimina, ni moja ya mafungu manane ya zaka. Tatizo langu ni moja. Laki tatu ni mtaji wa mkopeshaji, elfu sitini ni riba. Kamati haitalipa riba hata mkeshe mnanibembeleza.

Mzee Sudi Duka: Halafu friji abaki nalo yeye kwa elfu sitini? Ustadhi dini tunaijua lakini barafu haigandi kwa hoja

Ustadhi: Kamati italipa 168,000. Hiyo ndiyo iliyobaki kwenye mtaji. Elfu sitini tunamwomba asamehe.

Bi Mwanaisha: Asamehe! Yule? 😂

Mwenyekiti: Aje ofisini kwangu kesho saa tatu. Nitamuuliza jambo moja tu, leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka kila anayekopesha kibiashara awe na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo mtandaoni zisizo na kibali. Huyu hana hata programu, ana daftari na kirikuu.

Mwenyekiti: Nadhani ataelewa.

Rehema Saluni: Mwenyekiti usimtishe sana, akikimbia anakimbia na friji

Mwenyekiti: Nitampa soda kwanza.

Mama Ashura (Mhazini): Na kodi?

Ustadhi: Kamati itaongeza miezi miwili, 140,000, itumwe kwa mwenye nyumba moja kwa moja. Zaidi ya hapo mfuko haubebi, kuna mtu wa operesheni wiki hii.

Mama Ashura (Mhazini): Umebaki mmoja basi, elfu sabini. Huo ni wetu. Naanza mimi, elfu kumi.

Mzee Sudi Duka: 15. Na unga kilo kumi, atume mtoto

Rehema Saluni: Elfu 10, kesho jioni

Mama Kelvin: 10 yangu na 5 ya Baba Kelvin

Baba Kelvin: Mbona yangu 5

Mama Kelvin: Lipa kwa Mzee Sudi kwanza

Bi Mwanaisha: Mimi elfu tano wanangu, na dua

Mwenyekiti: 15. Na barua ya utambulisho nitaandika leo. Haina malipo, mtu asije akasema ameambiwa kuna hela ya karatasi.

Mama Ashura (Mhazini): 10+15+10+15+5+15 = 70,000. Imetimia. Wa kesho jioni tafadhali isiwe kesho kutwa.

Mama Nasra: Mungu awalipe nyote. Naomba kitu. Ikifika mwezi wa tatu friji likiwa linafanya kazi nataka nirudishe chochote kwenye kile kibubu cha pili. Sijui kama mnapokea.

Ustadhi: Kurudisha si sharti. Ukitoa siku moja itakuwa sadaka yako mwenyewe, na tutapokea.

Rehema Saluni: Ustadhi na bili ya mguu imeisha?

Mama Nasra: Imebaki ya vyuma. Wamesema kama elfu tisini

Mwenyekiti: Hiyo usilipe bado. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali kabla hajaruhusiwa, na barua yangu. Wao ndio wanaopima nani wa msamaha, na wanaweza kusamehe yote au sehemu. Ukishalipa huna tena cha kusamehewa.

Mama Nasra: Hilo hakuna aliyeniambia

Mwenyekiti: Mpaka uulize. Saa mbili uwe pale, foleni ya asubuhi ni fupi.

Alhamisi, saa 6 mchana

Mwenyekiti: Ameelewa. 168,000 amepokea, amesaini mbele ya Ustadhi na mimi. Elfu sitini ameacha. Soda amekunywa mbili.

Bi Mwanaisha: 😂😂 Alhamdulillah

Ustadhi: Leseni alisema ameisahau nyumbani.

Baba Kelvin: Nina rafiki ana kirikuu, tunakwenda kulichukua sasa hivi. Mafuta tu

Mzee Sudi Duka: Mafuta juu yangu. Na lile daftari langu nalisogeza mwezi ujao

Baba Kelvin: Mzee wangu 🙏🏾

Mama Nasra: Baba Kelvin tafadhali msililaze. Wao walililaza. Lisimame lifungwe kamba, na mkilifikisha mtu asiliwashe mpaka kesho asubuhi mafuta ya kompresa yatulie. Waya wake mrefu ulikuwa na kiungio cheusi, kama hakipo dai hapohapo kabla hamjaondoka.