Je, uanagenzi kazini unaweza kunipa cheti cha usimamizi wa miradi?

Karani wa Shimanzi:
Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nina stashahada ya ujenzi, na kwa miezi 14 sasa nimeajiriwa na mkandarasi wa maghala hapa Shimanzi. Barua yangu ya ajira inaniita karani, lakini tangu mhandisi wetu ahamishwe, mimi ndiye ninayepanga zamu za mafundi, ninayehesabu nondo zinaposhushwa na ninayemwandikia mteja ripoti kila Ijumaa. Binamu yangu aliyeko Uingereza anasomea usimamizi wa miradi kwa uanagenzi: yuko kazini, analipwa mshahara, na ada haimgusi. Je, njia hiyo ipo kwetu, au nijilipie masomo ya jioni?

Bi. Ajira, Kizingo:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Huko kwa binamu yako kuna tozo iliyoanza mwaka 2017, ambapo mwajiri ambaye mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hukatwa asilimia 0.5 ya ziada hiyo, na fedha hizo ndizo zinazolipia mafunzo. Kwetu Kenya pia ipo tozo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, inayokusanywa kwa ajili ya NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Mkataba wa uanagenzi chini ya sheria yetu huandikwa na kusajiliwa, ila umezoeleka zaidi kwa mafundi wa mitambo na umeme kuliko kwa watu wa ofisini. Hata hivyo, mwajiri anayelipa tozo anaweza kuomba kurejeshewa gharama za kozi ya muda mfupi, mradi idhini iombwe kabla ya kozi kuanza. Wengi huja kwangu na risiti mkononi baada ya kumaliza, nami sina la kuwasaidia. Kwa hiyo muulize mhasibu wenu kwanza, kabla hujalipa hata shilingi moja.

Mzee wa Changamwe:
Mwanangu, Bi. Ajira amesema kweli kuhusu fedha, lakini mimi nina wasiwasi na jina hilo la karani. Ukitaka CAPM, cheti cha awali cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani, hutahitaji uzoefu wowote: elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo zinakutosha kuketi mtihani. PMP, cheti chao kilicho juu ya hicho, ndiyo yenye masharti mazito. Mwenye shahada ya miaka 4 huonyesha miezi 36 ya kuongoza miradi, aliyeishia sekondari miezi 60, na wote huongeza saa 35 za darasani. Kuhudhuria mikutano hakuhesabiwi kuwa kuongoza, na ombi lako likichaguliwa kukaguliwa, utatakiwa kuleta saini za waliokusimamia.

Hapo ndipo nilipokwama. Miaka yangu minne ya kwanza niliiandika kwa penseli katika daftari nililoliacha kwenye kibanda cha mabati, masika yakaingia, kurasa zikashikana kama chapati zilizolala. Kampuni yenyewe ilikuwa imeshafungwa na msimamizi wangu amerudi kwao. Ilinibidi nianze kuhesabu upya.

Karani wa Shimanzi:
Ahsanteni sana, Bi. Ajira nawe Mzee. Mhandisi aliyehamishwa bado napata simu yake, ingawa alinisimamia miezi 5 tu. Je, hii 9 iliyobaki itasainiwa na nani, ikiwa aliye juu yangu sasa ni mhasibu?

Mzee wa Changamwe:
Atie saini yeyote aliyekuwa akipokea ripoti zako na anayeijua kazi yenyewe, hata akiwa mwakilishi wa mteja. Zile ripoti za Ijumaa unazo nakala? Kama huna, ziombe wiki hii, kabla ghala halijakabidhiwa na kila mtu kushika njia yake.

Bi. Ajira, Kizingo:
Na barua ya ajira pia, ndugu yangu. Omba iandikwe upya ikitaja majukumu unayoyafanya sasa, hata kama mshahara hautaongezwa.