Arugula imejaa kwenye viroba vyangu, nikiipika hakuna anayekula. Naombeni ushauri

BintiNyegezi:
Habari zenu wapendwa. Nipo Mwanza, Nyegezi, huku juu kwenye mawe. Jirani yangu anayefanya kazi jikoni hotelini alinipa mbegu za arugula, wengine wanaiita roketi. Nikazimwaga kwenye viroba vinne vyenye udongo na samadi iliyooza. Siku ya nne zikaota, na sasa ni wiki ya sita, majani yamefunika viroba vyote. Nikipita asubuhi nikayagusa naona raha kabisa.

Shida ni sufuriani. Mara ya kwanza nilipika kama mchicha: kitunguu, nyanya, majani, nikafunika kama robo saa. Beseni zima likawa kiganja kimoja, rangi imechujuka, harufu ya kabichi iliyolala, na uchungu upo palepale. Mwanangu wa miaka saba alichovya tonge moja, akaliweka pembeni ya sahani, akamalizia ugali kwa maziwa. Mara ya pili nikachemsha na kumwaga maji, ikawa haina ladha yoyote.

Sitaki kuing'oa. Tuko sita nyumbani, natumia jiko la mkaa, sina oveni wala friji. Naombeni mapishi ya kawaida tu. Na huu uchungu ndivyo ulivyo au nimekosea kuipanda?

Mzee wa Kiloleli:
Weka magadi kidogo wakati wa kuchemsha. Itakuwa laini na uchungu utapungua.

JikoniMiakaTisa:
Mzee wangu, heshima kwako, ila kwa mboga hii magadi hapana. Jani lenyewe ni jepesi, litakuwa uji, na vitamini C itapotea.

Dada, kosa lako ni moja tu: moto. Arugula ni ndugu wa figili, haradali, kabichi na sukuma wiki. Ule ukali unaopanda puani hutokea jani linapokatwa au kutafunwa. Ukiipika sana, ukali mzuri unaondoka na uchungu unabaki, ndiyo maana ulipata mabaya matupu. Waitaliano huila mbichi, na hata kwenye pizza huitupia juu ikishatoka kwenye oveni. Kwa hiyo epua kwanza, ndipo uweke majani. Joto la chakula linatosha kuyalegeza.

Anza na mayai. Kaanga kitunguu, vunja mayai matatu, koroga. Yakianza kushikana epua, tupia kiganja cha majani yaliyokatwakatwa, geuza mara mbili. Zungushia kwenye chapati. Na maharage yaliyoungwa vivyo hivyo: pakua kwanza, majani yawekwe kwenye bakuli la moto, ukamulie ndimu.

MamaMwaloni:
Mimi nipo Kirumba, nami jambo langu ni dagaa. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto, wachuje mpaka wakauke kabisa. Kaanga kwenye mafuta mpaka ukiwagusa kwa mwiko walie kama changarawe. Weka kitunguu, nyanya mbili tu, pilipili, chumvi kidogo sana. Nyanya zikikauka epua, kamua ndimu, halafu majani viganja viwili bila kuyakata. Geuza, peleka mezani hapohapo.

Ugali songa KABLA. Tumezoea mboga inasubiri ugali, ila hapa ugali ndio usubiri mboga. Ukiyaacha majani dakika kumi yameshalala.

Na siku ukipata sato wa kuchoma, tengeneza kachumbari yake. Kitunguu kifikiche na chumvi ukisuuze, nyanya, ndimu, majani. Samaki wa kuchoma anapenda kitu kikali pembeni.

BibiWaNgudu:
Mjukuu wangu, sisi tumekua na mgagani, na mgagani ni mchungu kuliko hiyo. Hatukuutupa, tuliutuliza. Twanga karanga, koroga na maji ya uvuguvugu, chemsha polepole huku unakoroga mpaka mafuta yaelee juu. Pika mchicha humo kwanza. Ukiepua ndipo uchanganye arugula, iwe theluthi tu ya mboga yote. Wiki ijayo ongeza. Mtoto hafundishwi uchungu kwa siku moja. Mpe pia na viazi vitamu vya kuchemsha, utamu wa kiazi unabeba.

ShambaDarasa:
Kuhusu kupanda: wiki sita kwa jua la Mwanza umechelewa kuvuna. Joto linaifanya irefuke na kutoa maua haraka, na hapo majani yanakuwa makali zaidi. Ikikosa maji, vilevile. Chuma jani likiwa na urefu wa kidole, ukate upana wa vidole viwili juu ya udongo, itachipua tena. Sogeza viroba penye kivuli cha mchana. Panda kiroba kimoja kila baada ya wiki mbili ili zisikomae pamoja. Maua yake pia yanaliwa.

NesiMstaafu:
Kama unamwagilia maji ya ziwa, usile mabichi hivihivi. Osha jani moja moja kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Na kama nyumbani kuna anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin, mboga hii ina vitamini K nyingi, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Asile leo rundo kesho asiguse, aongee kwanza na daktari wake.

BintiNyegezi:
Mungu awabariki. Jana nilisonga ugali kwanza kama alivyosema MamaMwaloni, nikapika dagaa. Majani yalibaki ya kijani kabisa, yananing'inia kwenye mwiko. Mwanangu alichagua dagaa mwanzoni, baadaye nikamwona anafuta sahani kwa tonge, na majani yamo humohumo. Hakusema kitu na mimi sikumuuliza.

Nesi, mama mkwe wangu anatumia dawa hiyo hasa, asante sana, sikuwa najua. Nitamsindikiza Jumatatu kliniki. Viroba viwili vimeshatoa maua, kimoja nimekiacha kwa ajili ya mbegu.

Bibi, karanga nimenunua leo nusu kilo. Nizikaange kidogo kabla ya kutwanga au nitwange mbichi?

BibiWaNgudu:
Zikaange kidogo tu, ganda litoke. Zisiungue.