Pompeii kuweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku: ni sawa au wanatubania?

Mleta mada: Wakuu habari za saa hizi. Ule mji wa Warumi uliofukiwa na mlima wa volkano Vesuvius mwaka 79, Pompeii, kule Italia karibu na Napoli, tangu 15 Novemba 2024 hawaingizi zaidi ya watu 20,000 kwa siku na tiketi inakuwa na jina lako. Mimi naona hata wamechelewa. Nilienda Jumapili ya kwanza ya mwezi ambayo ni bure, na hizo Jumapili watu walikuwa wanafika hadi 36,000, jamani ile siyo kutembelea magofu ile ni Kariakoo mkesha wa Idi. Kuna lile danguro lao la kale, Lupanar, vivyumba vidogo na vitanda vya mawe, foleni hadi kona, ukiingia unasukumwa unatokea upande wa pili hujaona kitu, na kila anayepita anashika ukuta kwa kiganja asijikwae. Ukuta wa miaka karibu 2,000! Mnaonaje?

Msafiri Mchovu: Wewe ushaingia ndo unataka mlango ufungwe 😄 Mtu kahangaika na viza, kadunduliza nauli miaka mitatu, kafika Napoli kapanda treni mpaka Pompei Scavi, anaambiwa za leo zimeisha njoo kesho, na kesho ndo ndege yake. Wa Roma atakuja wiki ijayo, huyu harudi tena.

Fundi Zege: Mnalaumu miguu bure. Novemba 2010 jengo moja la humo Pompeii, Schola Armaturarum, lilianguka alfajiri, ndani hamna mtalii hata mmoja. Mvua ilikuwa imeloweka udongo nyuma ya kuta, na juu kuna paa zito la zege walilojenga wenyewe baada ya vita kuu ya pili. Ndo ukaja mradi wa yuro milioni 105, kuimarisha kuta na kuyaondoa maji. Hata ungeingiza watu mia kwa siku lingeanguka tu.

Mleta mada: Fundi la mvua nakubali. Ila barabara zao umeziona? Mawe meusi ya volkano, magumu hasa, yana mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, vidole vinazama. Mkokoteni mmoja haukufanya kitu, ni ile kila siku kila siku. Na Mchovu, tiketi si unakata mtandaoni kabla hujafunga begi, ikiwa na jina lako mlanguzi atamuuzia nani?

Bi Mdogo wa Tanga: Mimi sipo kwa yeyote kati yenu. Mji una hekta 66, theluthi haijachimbwa bado, hiyo iliyochimbwa peke yake ni kubwa lakini wote mnajazana sehemu tatu nne zilezile. Mi nilishuka Torre Annunziata, mji wa jirani, nikaingia villa ya Oplontis, ile inayosemekana ilikuwa ya Poppaea mke wa Nero, mtawala wa Roma, mchana ule tulikuwa watu sita labda. Kuna tausi amechorwa ukutani, nilikaa naye mpaka mlinzi akaja kuniangalia kama niko mzima.

Msafiri Mchovu: Dada hapo kwa tausi umenipata, naiandika. Ila kikomo bado napinga, angalau watenge tiketi mia tano za getini kwa waliotoka mbali, na hapo waoneshe pasipoti siyo maneno matupu.

Fundi Zege: Mia tano? Foleni ya hizo mia tano ndo itaziba geti lenyewe.