Ujifunzaji kwa tatizo, wanafunzi 54, dakika 40: nakosea wapi?

Chaki_Embakasi: Hamjambo walimu. Gredi ya 8, Sayansi Jumuishi. Najaribu ujifunzaji kwa tatizo, yaani wanafunzi huanza na tatizo kisha hutafuta wenyewe maarifa ya kulitatua. Tatizo nililowapa: "Eleza njia za kusafisha maji." Makundi 6 ya watu 9. Wawili wanachangia, waliobaki wanapiga soga, mwishowe wote wananakili kitabu. Nirekebishe nini kwanza?

Mtungi20: Tatizo lenyewe, Mwalimu. Hilo ni swali la mtihani, jibu liko kitabuni, sasa wahangaike kwa nini? Wape hali inayotatiza: "Maji ya mfereji huja mtaani mara mbili kwa wiki. Familia imeyahifadhi kwenye pipa na kuyatia klorini. Siku ya tatu watoto wawili wanaharisha. Imekuwaje?" Hapo watabishana: pipa chafu, kikombe cha kuchotea, kunywa kabla ya dakika 30 kwisha, au maji yalikuwa na tope. (Tope humaliza nguvu ya klorini, ndiyo maana huchujwa kwanza.)

Debe_Tupu: Tena usiyabane yote katika kipindi kimoja. Zile hatua saba za ujifunzaji huu, za Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, hugawanywa katika vipindi viwili. Leo tano: maneno magumu dakika 3, tatizo ni lipi hasa 5, kukisia sababu 12, kuzipanga 8, maswali ya kutafiti 7. Dakika 5 zilizobaki ni za kusogeza madawati. Hatua ya sita, kila mmoja kutafiti, hufanywa kati ya vipindi, ya saba ni kurudi na majibu na kuyapima.

Mwl_Kasarani: Watu 9 ni sawa iwapo kila kundi lina mwalimu wake. Wewe uko peke yako, kwa hiyo makundi 9 ya watu 6, mwenyekiti na karani wabadilike kila tatizo. Manila moja, safu tatu: tunachojua, tunachokisia, tunachotafuta. Ukizunguka uliza "mmejuaje?" basi. Ukitoa jibu mara moja tu, watakungoja wewe hadi muhula uishe.

Mtungi20: Naongeza, kuuliza tu hakutoshi kwa asiye na msingi. Kama bado hawajui bakteria ni nini, wape nusu ukurasa wa maelezo kabla ya hatua ya sita. Wasio na intaneti nyumbani, waachie vitabu darasani na lebo ya chupa ya klorini.

Chaki_Embakasi: Shukrani. Na alama za mtu mmoja mmoja?

Debe_Tupu: Badilisha hali: kisima kando ya choo cha shimo. Kila mmoja aandike peke yake, dakika 10, bila manila.