Anayepinga wosia ndiye anayekula kodi ya nyumba ya marehemu!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mzee wetu, Allah amrehemu, aliacha nyumba ya kupangisha Ngamiani na minazi kule Tongoni. Kwenye wosia kanitaja mimi niwe msimamizi, na theluthi akampa binti aliyemlea tangu mchanga. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kulea hana fungu katika mirathi, ila unaruhusiwa kumuusia mpaka theluthi, kinachobaki cha warithi. Mzee hakuvuka mpaka.

Nikafungua mirathi mahakama ya mwanzo, tangazo likabandikwa, kaka yangu mkubwa akaweka pingamizi. Eti wosia wa kughushi, kwa nini una dole gumba na mzee alikuwa anajua kuandika? Jamani! Mtu kapigwa kiharusi, mkono wa kulia hata kijiko haushiki, asaini na nini? Dole lenyewe limekwenda upande, wino umechafua mpaka jina la imamu aliyeshuhudia. Mghushi si angelipiga vizuri?

Imamu yupo hai, kila tarehe anafika na kanzu yake, anakaa benchini. Aliyepinga haonekani. Leo anaumwa, tarehe nyingine yuko Korogwe. Kesi inaahirishwa.

Karani naye: lete muhtasari wa kikao cha ukoo. Mwenye kuitisha ukoo ni nani? Kaka huyohuyo! Na Mahakama Kuu imeshasema kwenye hukumu zake kwamba muhtasari huo si takwa la sheria. Mwambie hivyo karani uone anavyokuangalia.

Sasa muda wote huu kodi anakusanya yeye. Wapangaji wanamrushia kwenye simu kila mwezi, binti wa watu kapanga chumba Makorora. Kaka ana haraka ya nini? Msimamizi akiteuliwa anapewa miezi minne apeleke orodha ya mali, fomu namba 5. Anayepinga ana ukomo gani?

Na msiniambie "yamalizeni kifamilia". Tulikaa. Shangazi alilia, kaka akamaliza chai yake, akaaga.

Ninachouliza: kuna aliyewahi kuomba hakimu aamuru kodi iwekwe mahakamani mpaka pingamizi liishe? Uliandika barua au ulisema mdomoni siku ya kesi? Aliyepitia anijibu, tarehe yetu iko karibu.